Mark II GX110 na mafuta ya safari ndefu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali ambayo watu wenye GX110 wananiuliza kila siku, kwenye simu, gereji, hata sheli wakati najaza. Yangu ni ya injini ya 1G-FE, lita mbili, silinda sita za mstari, giaboksi ya otomatiki ya gia nne, nayo natembelea sana Dar kwenda Moshi kwa wakwe. Toyota walizitoa hizi kuanzia 2000 mpaka 2004, kwa hiyo hata ile changa kabisa ina zaidi ya miaka 20, na hapo ndipo mambo yote yanapoanzia. Mwenye Crown au Chaser ya zamani naye asome, mengi yanafanana.

Hii gari si inajulikana inakula? Kuna la kufanya kweli au tunajidanganya?

Lipo la kufanya, tena kubwa. Safari yangu ya kwanza na hii gari, Dar mpaka Moshi ni kama kilomita 560, nilitumia lita 62 yaani kilomita 9 kwa lita moja, nikaumia sana. Sasa hivi njia ile ile, watu wanne na mizigo ya kawaida, natumia lita 45 hivi, yaani 12 na nusu kwa lita. Lita 17 zimebaki. Chukulia petroli 3,000, hiyo ni elfu 51 kwenda tu, na kurudi nayo elfu 51.

Ila nikwambie mapema ujue, zaidi ya nusu ya hizo lita hazikutokana na kufunga kitu kipya. Zilitokana na kurudisha vitu ambavyo mafundi walishavitoa huko nyuma kabla mimi sijainunua, na mguu wangu wa kulia.

Nianzie wapi?

Anza kupima. Usinunue chochote kabla hujajua gari yako inakula ngapi, maana utaambiwa weka hiki weka kile halafu hujui kama kimesaidia. Jaza mpaka bunduki ya pampu ikate yenyewe mara ya kwanza, usimwache yule kijana aongeze "ifike namba nzima", andika odomita, tembea safari yako, rudi ujaze tena mpaka ikate, ikiwezekana sheli ile ile na pampu ile ile. Kilomita gawanya kwa lita. Fanya hivyo mara tatu, usiamini safari moja, kuna upepo, kuna foleni ya Kibaha, kuna siku umebeba gunia la mchele.

Na angalia matairi kabla ya kuamini odomita. Kama umetoka kwenye 195/65R15 ya kiwandani ukaweka 215/45R17, tairi lako ni dogo kwa kama asilimia moja na nusu, kwa hiyo odomita ikikuandikia 568 ujue umetembea 560. Watu wengi wanaosifia rimu mpya kwamba "imepunguza ulaji" ndiyo hicho wanachokiona.

Fundi wangu alitoa thamostati ili gari isichemshe. Ina shida?

Hili ndilo swali naomba ulisome taratibu maana kwangu ndilo lilikuwa kubwa kuliko yote.

Mshale wa joto wa gari yangu ulikuwa haufiki katikati. Nikiwa mjini unakaribia, nikitoka Chalinze nikaanza kukimbia unashuka, na mimi nilifurahi, nikasema gari haichemshi kabisa, nimepata gari nzuri. Siku moja tunabadilisha hosi ya juu ya rejeta nikamwambia fundi fungua na hapo tuone. Akafungua bolti, akatoa ile kava ya chuma, ndani mweupe! Hakuna kitu. Kuna kutu ya rangi ya chai na alama ya duara pale thamostati inapokaa. Fundi akasema kawaida, gari zote za joto la Dar tunatoa.

Sasa sikiliza. Thamostati kazi yake ni kuyazuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto lake, ya hizi Toyota inaanza kufunguka kwenye nyuzi 82 hivi. Ukiitoa, maji yanazunguka kwenye rejeta muda wote, na ukiwa barabarani upepo wa spidi 100 unaipuliza, injini haipati joto hata siku moja. Kompyuta ya gari inasoma sensa ya maji, inaona injini bado ya baridi, inafikiri umetoka kuwasha asubuhi, inaongeza petroli. Masaa nane mazima ya safari inakuongezea petroli! Tena ubaya wa pili ambao hausemwi, giaboksi nayo inasubiri ruhusa ya joto hilo hilo, injini ikiwa ya baridi inaweza isiingie gia ya nne au isifunge ile lock-up ya konveta, yaani klachi ya ndani inayofanya injini na giaboksi zizunguke pamoja bila kuteleza. Ukipanda Lushoto au ukienda Njombe na baridi yake ndiyo kabisa.

Rudisha thamostati, nunua nzuri siyo ile ya bei ya soda, weka na mpira wake mpya, na weka kulanti siyo maji ya bomba. Kama baada ya kuirudisha gari inachemsha basi thamostati haikuwa ugonjwa, ugonjwa ni rejeta iliyoziba, au mfuniko wa rejeta umechoka, au feni. Tibu huo. Mimi nilibadilisha rejeta pia, iliniuma hela, lakini mshale sasa unakaa katikati kama umegundishwa na safari iliyofuata nilipata zaidi ya 10 kwa lita bila kufanya kingine.

Nitajuaje giaboksi inaingia ovadraivu (gia ya nne) na inafunga lock-up?

Kwanza angalia dashibodi, kama kuna taa imeandikwa O/D OFF inawaka, basi mtu amebonyeza kile kitufe cha kwenye gia na unatembea na gia tatu. Usicheke, nimeshakutana na mtu ametoka Dodoma hivyo. Bonyeza tena izime.

Kisha jaribu hivi ukiwa barabara tambarare na huna mtu nyuma, spidi 80 au 90 imetulia, injini imepata joto. Shikilia mafuta hapo hapo, halafu kwa mguu wa kushoto gusa breki kidogo sana, kiasi cha taa za nyuma kuwaka tu. Mshale wa mizunguko ukiruka juu kidogo halafu ukiachia breki baada ya muda mfupi unarudi, lock-up inafanya kazi. Usiporuka kabisa, ilikuwa haijafunga tangu mwanzo, na hapo konveta inateleza kilomita zote 560 na petroli inageuka joto la oili ya giaboksi. Sababu mara nyingi ni ile baridi niliyosema juu, au oili ya giaboksi imechoka au wamechanganya aina. Aina yake imeandikwa kwenye dipstiki yenyewe, soma pale usimsikilize muuza duka.

Spidi gani ni nzuri?

Mimi natembea 90. Nguvu ya upepo kusukuma gari haipandi sawa na spidi, inapanda kwa mraba wake, kwa hiyo ukitoka 90 kwenda 120 spidi imeongezeka theluthi moja lakini upepo unaopambana nao umeongezeka kwa karibu asilimia 78. Na Mark II ni gari pana, ndefu, hilo dude linasukuma hewa nyingi.

Watu wanasema utafika kesho. Njia ya Moshi ina vijiji vingi vya 50, Korogwe, Mombo, Hedaru, Same, na tochi za trafiki zipo, malori yapo, kwa hiyo yule wa 120 anakupita halafu unamkuta nyuma ya lori la saruji anasubiri nafasi. Nilishapima, tofauti yangu ya 90 na ya 120 kwenye safari nzima ilikuwa kama dakika 40. Dakika 40 kwa lita kumi na kitu, chagua mwenyewe.

La muhimu kuliko namba ni kutulia. Ukipita tuta usikanyage mpaka chini, panda taratibu mpaka ishike gia ya nne ndiyo uongeze. Ukiona kibao cha 50 mbele achia mafuta mapema, usiende nacho mpaka mlangoni halafu ukanyage breki, kila breki unayokanyaga ni petroli uliyoilipia tayari.

Mteremkoni si niweke neutro, au nizime kabisa?

HAPANA. Naandika kwa herufi kubwa maana hili linaua watu. Ukizima, baada ya kukanyaga breki mara mbili tatu inakuwa ngumu kama jiwe kwa sababu hakuna vakyumu ya kuisaidia, pawa ya stelingi imeondoka, na ukikosea kuzungusha ufunguo stelingi inajifunga. Fikiria hayo uko Kitonga na nyuma una semi.

Halafu hata hiyo petroli hupati. Gari yenye EFI, yaani ya kupuliziwa petroli na kompyuta, ikiwa kwenye D na mguu umetoka kwenye mafuta, mizunguko ikiwa bado juu, kompyuta inakata petroli kabisa, nozeli hazipulizi kitu, magurudumu ndiyo yanazungusha injini. Ukiweka neutro injini inabidi ijitegemee isizime, kwa hiyo inapuliza. Yaani neutro mteremkoni inakula zaidi ya D. Acha D, mteremko ukiwa mkali zima ovadraivu au weka 2, injini ishike.

Matairi na rimu je?

Rudi 195/65R15. Najua rimu za 17 zinapendeza, mimi nilinunua gari ikiwa nazo na niliziuza. Tairi pana linakamata zaidi lami na linakamata zaidi upepo, na rimu kubwa ya bei ndogo ni nzito kweli, ipime mkononi utaona. Upepo wa tairi soma stika iliyopo kwenye nguzo ya mlango wa dereva, pima asubuhi gari ikiwa haijatembea. Mimi nazidisha kidogo, natembea na PSI 35 mbele na nyuma, lakini usizidi ukomo ulioandikwa ubavuni mwa tairi, na mvua ikiwa nyingi shusha kwenye namba ya stika. Nunua geji yako mwenyewe. Nimepima kwa mafundi pancha watatu siku moja, nikapata namba tatu.

Alaimenti pia usiiache. Tairi la mbele likilika upande wa ndani, ujue kila mita linaburuzwa kidogo pembeni.

Nimefanya yote bado inakula. Ni nini?

Sikilizia joto la rimu. Nilikuwa nimesimama Korogwe kununua machungwa, nikapitisha kiganja karibu na rimu zote nne bila kugusa chuma, tatu vuguvugu, ya nyuma kushoto moto wa kuungua. Tukapiga jeki, gurudumu halizunguki kwa mkono mmoja, linataka mikono miwili. Pini za kalipa zilikuwa zimekauka, hakuna grisi, pedi ilikuwa inashika disk tangu Dar. Fundi wa pale akazichomoa, akasugua na msasa laini, grisi ya breki, dakika 30 kazi imekwisha. Sasa kila nikisimama safarini nazunguka gari na kiganja, imekuwa mazoea.

Na beringi ni hivyo hivyo, ikivuma ishughulikie, siyo kwa ajili ya mafuta tu.

Upepo: naweza kubadilisha nini kwenye bodi?

Keria ya juu toa. Leo. Ikiwa tupu inakula, ikiwa na mabegi ndiyo kabisa, na buti ya Mark II ni kubwa, mizigo ya familia inaingia.

Cha pili ni kava ya chini ya injini. Nenda ukachungulie chini ya bampa la mbele, kuna uwezekano mkubwa haipo. Mafundi wakimwaga oili wanaitoa, bolti zinapotea, wanaifunga na waya, siku moja inadondoka Chalinze unaiacha. Bila kava hewa inaingia inagonga injini, krosmemba, giaboksi, kila kitu. Ya dukani iliyotumika ukiipata chukua. Mimi sikuipata, nikatengeneza na zile karatasi ngumu za plastiki zenye mifereji ndani, wanazotengenezea mabango ya matangazo. Nilikata vipande viwili, nikafunga kwa bolti na washa pana ili plastiki isichanike, nikaacha tundu chini ya bolti ya oili. Kosa langu la kwanza nilikipeleka kipande cha nyuma mpaka karibu na ekzosti, baada ya safari moja kona yote imelainika imejikunja, kwa hiyo kata mbali na bomba, acha nafasi ya kiganja kizima, plastiki iliyoyeyuka juu ya ekzosti ni moto. Kava ikikaa vizuri gari inakuwa na sauti ndogo pia ukiwa 90, hilo nililisikia kabla hata ya kupima mafuta.

Kuziba grili watu wanaiga kutoka nchi za baridi. Nilijaribu nusu ya tundu la bampa, nikiwa na AC mshale ukaanza kupanda nikikaribia Mombo, nikaitoa pale pale. Kwetu huku AC inawaka muda wote na kondensa inataka hewa, faida ni ndogo na rejeta ni ghali. Spoila kubwa ya buti toa, inavuta. Kushusha gari kunasaidia kidogo kweli kwenye upepo, lakini na matuta yetu utaacha sampu, lile bakuli la oili la chini ya injini, barabarani.

Feni ya umeme badala ya ile ya injini?

Hii injini feni yake inazungushwa na mkanda kupitia klachi ya viskasi. Ikiwa nzima, ukiwa barabarani inaachia na haili nguvu kubwa. Ikiwa imekufa kwa kushika, inavuma kama lori muda wote na hapo unapoteza nguvu. Jaribu injini ikiwa imezimwa na baridi, zungusha feni kwa mkono, iwe na ukinzani laini, isiwe imegoma wala isizunguke hovyo. Badilisha viskasi tu. Feni ya umeme watu wanafunga bila rilei nzuri, waya unaungua, na kwa safari ndefu sijaona tofauti inayolipa hiyo kazi.

Oili, plagi, sensa?

Oili achana na 20W-50, hizi injini zilitengenezwa kwa oili nyepesi, weka 5W-30 au 10W-30 kama haivuji na haili oili. Plagi zote sita badilisha kwa pamoja, usifanye mbili mbili. Filta ya hewa safisha.

Sensa ya oksijeni ndiyo ya kuangalia sana, ikichoka haiwashi taa mara zote, inakuwa mvivu tu na kompyuta inakaa upande wa petroli nyingi. Kile kidude cha bluetooth cha bei rahisi cha kusomea kompyuta ya gari mara nyingi hakisomi hizi gari za Japani za miaka ile, tafuta fundi mwenye mashine ya Toyota. Na usikubali kutolewa masega ya ekzosti (catalytic converter, inayosafisha moshi) kwa kuambiwa gari itakuwa nyepesi. Yakiziba kweli yanaleta shida, lakini yakiwa mazima yaache, anayekushauri kutoa mara nyingi anataka kuyauza.

Kubadilisha difu ili injini isizunguke sana?

Inawezekana, na kinadharia ndiyo badiliko kubwa kwa barabara ndefu. Mark II zenye injini ya 2.5 kwa kawaida difu yake ni ndefu kuliko ya 2.0, yaani injini inazunguka kidogo zaidi kwa spidi ile ile, angalia kibati cha kwenye bodi mstari wa TRANS/AXLE kabla hujanunua chochote. Lakini 1G ni injini ya lita mbili inavuta gari ya karibu tani moja na nusu, ukiipa difu ndefu milimani itakuwa inashuka gia ya tatu kila mara na ulichookoa tambarare unakirudisha. Pia spidomita inasoma kutoka giaboksi, ukibadilisha difu inadanganya, itakuonyesha ndogo kuliko spidi halisi, na tochi haisomi dashibodi yako. Mimi sijafanya.

Gesi?

Gesi asilia haipunguzi ulaji, inapunguza bei ya unachokula, na kwa mtu anayezunguka Dar nzima kila siku naunga mkono kabisa. Kwa Moshi shida ni vituo, nje ya Dar ni vya kuhesabu, kwa hiyo utachoma gesi mwanzo wa safari halafu utatembea kwa petroli umebeba mtungi mtupu mzito kwenye buti, na mabegi hayana pa kukaa. Kama utafunga, nenda karakana yenye kibali, usifunge uchochoroni.

Sumaku kwenye bomba la petroli, vidonge, kile cha kuchomeka kwenye sigara laita?

Hakuna hata kimoja. Nunua thamostati.

AC au vioo wazi?

Juu ya 80 funga vioo washa AC, weka kiasi usigandishe watu. Tofauti ni ndogo, na dereva aliyechoka na joto la Mkomazi saa nane mchana ni hatari zaidi.

Si bora niuze ninunue IST?

Kama unatembea peke yako na unahesabu lita tu, ndiyo, IST itakula kidogo kuliko hii, sitakudanganya. Mimi nabeba mke, watoto wawili, mara nyingine mama mkwe ambaye mgongo unamsumbua, na nikiwa 90 kwenye ile nyika ya Same gari haina kelele, watoto wanalala, yeye anateremka Moshi anatembea mwenyewe. Tenki ni lita 70. Mwezi wa 12 nilijaza Ubungo saa 11 alfajiri, nikafika kwao, nikampeleka kanisani Himo na kurudi, geji ilikuwa bado haijagusa robo.